Shemeji ananiuzia Prado, naogopa kuikagua

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nina miaka 39, ni afisa ugani huku Makete, nina mke na watoto watatu. Kazi yangu ni ya kuzunguka vijijini na kwa sasa natumia pikipiki. Masika huku ni utelezi na ukungu, na ikifika Juni na Julai, alfajiri majani yanakuwa meupe kwa barafu. Pamoja na kazi ya serikali tuna ekari mbili na nusu za viazi mviringo, na kila mavuno tunamlipa mwenye Fuso atutolee magunia shambani.

Kaka mkubwa wa mke wangu anaishi Mbeya mjini. Ana Toyota Prado ya mwaka 1998, dizeli, injini ya 1KZ, otomatiki, aliyoinunua mkononi miaka sita iliyopita. Anaiuza milioni 14 na ameniambia mimi kabla ya madalali kwa sababu ni ndugu. Anahitaji hela ya ada ya chuo ya mwanawe. Sisi tuna milioni 16 na nusu benki, ambazo tuliziweka kwa ajili ya kupaua nyumba, mbao na bati.

Mwezi uliopita nilikwenda kuiona. Nilikuta imeshawashwa na injini ni ya moto. Niliiendesha hadi Uyole na kurudi, inavuta vizuri, geji ya joto ilikaa katikati muda wote. Lakini kuna mambo niliyaona. Kifuniko cha rejeta ni kipya kabisa, ila rejeta yenyewe ni chakavu na tenki lake la juu la plastiki limegeuka kahawia. Mpira wa juu wa rejeta nilipoubinya ulikuwa mgumu kama mwiko. Fundi wake aliniambia themostati (kilango cha maji ya kupoza injini) ilitolewa, "huku kwetu baridi, haina kazi." Kilomita zinasoma 287,000, taa ya T-BELT (ya kukumbusha kubadili belti ya injini) haiwaki, na hakuna anayekumbuka belti ilibadilishwa lini. Shemeji mwenyewe anasema hedi (kichwa cha injini) iliguswa miaka miwili iliyopita, ikachongwa, ikafungwa gasketi mpya, na tangu hapo haijasumbua.

Nina fundi ninayemwamini Njombe. Nilimwambia mke wangu kwamba nataka kwenda naye aipime. Alinyamaza, halafu akasema: "Kaka alipotulipia hospitali kwa huyu mtoto wa pili, hakutuomba risiti." Tangu siku hiyo sijalifungua tena. Juzi mama mkwe alinipigia kunipongeza kwa gari.

Nikiikagua, nimemwita shemeji mwongo. Nisipoikagua, naweza kuzika bati za nyumba ndani ya injini. Nikiikataa, ukweni nitasema nini? Na nikisubiri, kwa hela hii sitapata gari jingine la kupanda milima ya huku na kubeba viazi. Kuagiza la umri huu kutoka Japani, kodi ya uchakavu peke yake inakatisha tamaa. Nishauri, na kama kuna namna ya kuipima vizuri bila kuvunja heshima, nieleze kwa undani. Magari nayaelewa kiasi cha kutosha.

Msomaji wako, Makete

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kukaa na jambo hili moyoni mwezi mzima.

Kama nimekuelewa, una hela ya kununua gari mara moja, huna ya kulinunua mara mbili. Ulichokiona kwa macho kinakwambia usikimbilie, na watu unaowapenda tayari wanakupongeza. Juu ya hayo umejitwika neno zito: kwamba kukagua ni kumwita shemeji mwongo. Tuanzie hapo.

Katika barua yako yote, shemeji hajasema hataki gari lake likaguliwe. Hujamuuliza. Mkeo naye hakusema "usikague". Alikukumbusha wema mliotendewa. Huenda anaogopa tu kwamba wema huo utasahauliwa siku mtakapoanza kubishana bei mbele ya fundi. Hilo nalo hujamuuliza. Na mtu aliyekwambia mwenyewe, bila kubanwa, kwamba hedi iliwahi kufunguliwa, simwoni kama mtu anayeficha. Inawezekana kabisa fundi alimwambia mambo yameisha, akaamini kama ambavyo mwenye gari yeyote huamini. Kuchonga hedi, kubadili kifuniko, kutoa themostati, vyote ni kazi ya fundi. Utakachokwenda kupima ni kazi hiyo.

Sasa injini. 1KZ-TE ni lita 3, silinda nne, yenye tabo (pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini), na kwa milima yetu inavuta vizuri sana. Ugonjwa wake unafahamika katika kila gereji. Bloku ni chuma kizito, hedi ni aluminiamu, na vitu hivi viwili havitanuki sawa vikipata moto. Ikichemsha vibaya hata mara moja, hedi hupinda au huingia nyufa ndogo kati ya valvu, karibu na vile vyumba vidogo ambamo dizeli huanza kuwakia. Ufa wa namna hiyo huenda usidondoshe hata tone la maji chini. Kazi yake ni kupenyeza gesi ya moto kwenye njia ya maji. Gesi inasukuma maji kwenda kwenye tenki la akiba, hewa inabaki ndani, na siku ya mlima mrefu inachemsha tena.

Ndiyo maana sikubaliani na wewe juu ya ule mpira, angalau kwa sasa. Injini ya moto ni lazima mpira wake wa juu uwe mgumu, hata kwenye gari zima kabisa, kwa sababu maji yako kwenye presha. Wewe uliubinya injini ikiwa ya moto, kwa hiyo ule ugumu haukukwambia lolote, baya wala zuri. Vilevile geji kukaa katikati kusikutulize. Geji za Toyota za miaka hiyo zimetengenezwa zibaki katikati kwa upana mkubwa wa joto. Mshale ukishaanza kupanda, muda wa kuokoa hedi unakuwa umebaki mdogo sana.

Kuna na suala la mwinuko wa nchi yetu. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi kama 94. Kifuniko cha rejeta kilichoandikwa 0.9 hushikilia presha inayopandisha kiwango hicho hadi karibu 115. Kifuniko kikilegea, au kikiwekwa cha namba ndogo, mnapoteza hizo nyuzi ishirini, na ukipanda kuelekea Kitulo unapoteza nyingine. Kwa hiyo soma namba ya kile kifuniko kipya. Themostati nayo si ya baridi peke yake. Nyingi za Toyota zina kisahani cha pili ambacho, injini ikipata moto, huziba njia ya mkato ili maji yote yapitie kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Asubuhi injini inachelewa kupata joto na inakula dizeli. Mlimani ikiwa na mzigo, inachemsha. Fundi anayeitoa mara nyingi anakuwa anahangaika na gari linalochemsha kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo unayotakiwa kuitafuta.

Ukienda, mwombe shemeji asiiwashe kabla hujafika. Fika saa kumi na mbili asubuhi, weka mkono juu ya boneti, iwe ya baridi. Fungua kifuniko: maji yajae hadi shingoni na yawe na rangi ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini). Yakiwa na kutu, gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba, na hayo hula aluminiamu kutoka ndani. Chomoa dipstiki na uangalie chini ya kifuniko cha oili. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Funga, washa, na ndani ya dakika mbili tatu za kwanza shika mpira wa juu. Kama tenki la rejeta bado ni la baridi na mpira umeshakuwa mgumu, presha hiyo haikuletwa na joto. Ni gesi ya silinda.

Halafu mpande. Kutoka Uyole kwenda Isyonje ni mlima wa kutosha. Washa AC, nendeni bila kuikamua wala kuibembeleza. Mkifika juu usizime papo hapo, iache iungurume dakika mbili ili tabo ipoe, huku ukitazama tenki la akiba. Mapovu yanayokuja mfululizo si dalili njema. Rudini, iegesheni, na kesho yake asubuhi, kabla ya mtu kugusa ufunguo, shika tena ule mpira na ufungue kifuniko. Mpira uliolala usiku kucha ukaamka mgumu, au maji yaliyoshuka rejetani huku tenki la akiba limejaa hadi kumwagika, hayo ndiyo majibu unayoyatafuta. Fundi wako wa Njombe akiweza kupata ile dawa ya kupimia gesi kwenye maji, ya rangi ya bluu, aitumie: ikibadilika kuwa kijani au njano, kuna gesi ya injini ndani ya rejeta. Na asipime hedi peke yake. Injini ikiwa imezimwa, bado ya moto, azungushe feni kwa mkono. Ikizunguka kirahisi kama ya kuchezea watoto, mafuta ya silikoni ndani ya klachi yake yamekwisha, na hapo hata rejeta mpya haitasaidia mlimani.

Kwa kuwa ni otomatiki, angalia pia rangi ndani ya tenki la akiba. Mafuta ya giabox hupozwa na bomba lililo ndani ya tenki la chini la rejeta. Bomba hilo likitoboka, maji na mafuta ya giabox huchanganyika na kuwa kama maziwa ya rangi ya waridi, na giabox hufa muda si mrefu. Rejeta yenye plastiki ya kahawia imeshazeeka yote, juu na chini. Mimi ningeihesabu kuwa inabadilishwa, bila mjadala.

Kuhusu T-BELT: taa hiyo imepangwa kuwaka kila kilomita 100,000, lakini inaweza kuzimwa bila belti kuguswa. Kama hakuna tarehe iliyoandikwa popote, ichukue kuwa haijabadilishwa, na ukibadili belti badili na tenshena yake (puli inayoikaza). Ikikatika barabarani, pistoni zinakutana na valvu.

Usiache kulala chini ya gari. Boljointi (viungo vinavyoshika magurudumu) za chini za mbele kwenye Prado hii zimekaa mkao wa kuvutwa na uzito wa gari, kwa hiyo ikichoka inachomoka na tairi linalala chini. Kwenye kona 57 za Chimala kwenda Matamba sitaki hata kufikiria. Fundi azichokonoe kwa mtaimbo. Zikicheza hata kidogo, zibadilishwe kabla gari halijatoka mjini. Chesisi ya nyuma, mahali mikono ya springi inaposhikwa, agonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Jaribu lokho ya difu ya katikati (inayofanya magurudumu ya mbele na nyuma yavute pamoja) iingie na kutoka, maana vyombo vya mjini hukaa miaka bila kuitumia ikakwama. Na huko kwenu kwenye barafu, pima plagi za hita zote nne. Mbeya mjini injini inaweza kuwaka na mbili zilizokufa. Makete mwezi wa saba itakutesa kila alfajiri na kumaliza betri na stata.

Kuna jambo jingine la kukuuliza kwa upole. Unasema gari hili litabeba viazi. Prado ya aina hii inabeba kilo mia sita hadi mia saba, watu wakiwemo. Gunia halali ni kilo 100, na lumbesa inapita hapo. Wewe, mkeo na magunia manne, mmeshakaribia kujaa. Basi litakupeleka kazini na kuipeleka familia hospitali, lakini mwenye Fuso bado utamhitaji. Piga hesabu ya mwaka mzima ukijua hivyo, na ukijua kwamba dizeli hii ukiwa nayo milimani inakwenda kilomita nane, tisa kwa lita. Kama baada ya hapo bado unaliona lina faida, vizuri. Faida ya familia kutolowa mvua nayo ni faida, hata kama haiandikwi kwenye daftari.

Njia ulizonazo nazitazama hivi. Majibu ya asubuhi ya pili yakiwa mazuri, mnaweza kuzungumza bei ukimwonyesha karatasi ya bei za spea: rejeta, themostati, kifuniko, mipira, belti na tenshena yake, boljointi, oili zote hadi za difu. Pita madukani Mwanjelwa uandike bei za siku hiyo. Milioni mbili na nusu inayobaki baada ya 14 ni ya kazi hiyo, na tafadhali isihesabiwe kuwa ni ziada. Hatari ya njia hii ni kwamba hata hedi inayopita vipimo leo ilishachongwa mara moja, na haina nyama ya kuchongwa tena na tena. Muulize fundi aliyeifunga kama alipima kimo cha pistoni juu ya bloku kabla ya kuchagua unene wa gasketi. Akishindwa kujibu, jua ilifungwa kwa kubahatisha.

Majibu yakiwa mabaya, gari halijawa takataka, ila linakuwa gari jingine kwa bei nyingine. Kuna hedi mpya, na kuna za mtumba kutoka Japani. Ya mtumba ni nafuu, lakini nyingi zilitoka kwenye magari yaliyochemsha, kwa hiyo lazima ipimwe kwa presha na dawa ya kuonyesha nyufa kabla hujalipa. Kuchomelea ufa wa aluminiamu kati ya valvu, mimi sikushauri. Wapo wanaotoa 1KZ na kufunga 5L, dizeli nyingine ya Toyota: injini mvumilivu zaidi, isiyo na tabo, lakini utaikumbuka 1KZ kwenye kila mlima, na namba mpya ya injini lazima ifike TRA. Hapo wewe na shemeji mnaweza kukubaliana yeye atengeneze kisha auze, au wewe ununue kwa bei ya gari bovu. Njia zote mbili zinaweza kuleta maneno baadaye, hivyo maneno yaandikwe.

Usiseme hakuna gari jingine. Prado hizohizo zipo za petroli, lita 2.7, zenye cheni badala ya belti na zinazovumilia joto kuliko hii, ingawa zinakunywa zaidi na hazina nguvu ya dizeli. Zipo RAV4 na Escudo za zamani, ndogo, spea zake ziko kila mahali, lakini zitakwama mapema kwenye tope la shambani. Na ipo njia ya kupaua nyumba kwanza, ukaendelea na pikipiki msimu mmoja au miwili. Hiyo ina gharama yake, na anayeilipa ni mwili wako kwenye mvua. Wewe na mama watoto ndio mnaojua kipi kinauma zaidi.

Ningekuomba uzungumze naye kabla ya kuzungumza na kaka yake. Mwambie hesabu zote, na umuulize alimaanisha nini aliposema habari ya risiti. Akikubali, labda yeye ndiye mwenye kinywa chepesi cha kumweleza kaka: "Baba watoto anataka kuja na fundi, gari liende Makete likiwa tayari kwa baridi ya huku." Neno hilo ni la kweli, na halina tusi. Shemeji akisita, msikilize anasita kwa nini. Huenda ni haraka ya ada, na hapo mnaweza kufikiria kumtangulizia sehemu ya fedha kwa maandishi, mkijua kwamba fedha iliyokwishalipia ada hairudi kirahisi gari likionekana bovu.

Na undugu usiwaondolee karatasi. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi halisi, angalieni kama gari lina madeni ya faini za barabarani, mkataba usainiwe kwa wakili, na umiliki uhamishwe TRA kwa jina lako mapema. Linalindwa jina la shemeji pia: gari likipata ajali huku bado liko kwa jina lake, atakayetafutwa ni yeye.

Mngeweza kwenda Ijumaa jioni, mkalala kwa shemeji nyote wawili, watoto wakamsalimia mjomba wao. Jumamosi alfajiri mkaanza na boneti ya baridi, mchana mkapanda Isyonje, na shemeji mwenyewe akiwa ndani ya gari. Jumapili kabla ya chai, ushike ule mpira mbele yake, naye aushike. Ukweli wowote utakavyokuwa, mtakuwa mmeujua pamoja.